Mtoto ana homa na anaharisha: je, nimpe ibuprofeni?

Swali: "Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Kliniki mwezi uliopita alikuwa kilo 11. Tangu jana mchana ana homa, usiku kipimajoto kilisoma 39.1. Ameharisha mara tano na kutapika mara mbili. Duka la dawa wamenipa ibuprofeni ya maji, wakasema inashusha homa kuliko Panadol. Jana usiku nilimpa kijiko kimoja cha chai. Jirani ananishauri nipishanishe hiyo na Panadol kila baada ya saa tatu, homa isije ikapanda akapata degedege. Ni sawa? Na kile kijiko kimoja kilikuwa kipimo sahihi?"

Jibu:

Mama, kwa leo iweke chupa ya ibuprofeni kabatini. Dawa yenyewe ni nzuri, na mtoto wako akiwa na sikio linalouma au ameteguka mguu itamfaa sana. Lakini mtoto anayeharisha na kutapika hapaswi kuinywa, hata kwa kipimo sahihi, mpaka maji yarudi mwilini. Wanaouza na wanaonunua wengi huuliza kwanza joto limefika ngapi. Kwa dawa hii swali la kwanza ni lingine: anakunywa, na anakojoa?

Kwa homa na maumivu ya leo mpe parasetamoli, ambayo ndiyo Panadol, peke yake. Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kwa hiyo kwa kilo 11 ni miligramu 110 hadi 165 kwa mara moja. Chupa nyingi za parasetamoli ya watoto zina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kama yako ni hiyo, mpe mililita 5, au 6.5 ukitaka kufika juu. Kama imeandikwa 250 mg/5 ml, hiyo ni kali mara mbili, basi mpe mililita 2.5 hadi 3 tu. Rudia baada ya saa 6 ikiwa bado ana homa inayomsumbua, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24.

Pamoja na hiyo, mnyweshe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, kwa sababu nyingi ni za lita 1 ya maji safi lakini ziko za nusu lita, na ukikosea hapo unampa chumvi nyingi mno au kidogo mno. Mtoto wa umri wake anywe mililita 100 hadi 200 kila anapoharisha, kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi, kijiko kimoja baada ya kingine. Ulizia na vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma katikati. Chakula na maziwa ya mama visikatishwe.

Na leo hii apimwe malaria. Kuharisha na kutapika hakuondoi uwezekano wa malaria kwa mtoto wa umri huu. Wakati mwingine malaria yenyewe huanza hivyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu huchukua kama dakika 15 hadi 20 tu. Dawa yoyote ya kushusha homa, iwe parasetamoli au ibuprofeni, haitibu kinacholeta homa, na mtoto aliyeshushwa homa anaweza kucheza kwa saa nne huku vimelea vinaongezeka.

Sasa sababu, maana ukishaijua utaweza kuamua mwenyewe siku nyingine.

Mwili unapopambana na ugonjwa hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoamuru ubongo upandishe joto, na ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu mahali palipoumia. Ibuprofeni huzuia utengenezaji wake, ndiyo maana inashusha homa, inatuliza maumivu na inapunguza uvimbe kwa pamoja. Parasetamoli hushusha homa na maumivu lakini uvimbe haiugusi sana. Tatizo ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine za kila siku. Tumboni husaidia kutunza ute unaoukinga ukuta wa tumbo na asidi. Kwenye figo hupanua mishipa midogo inayoingiza damu ya kuchujwa.

Mtoto mwenye maji ya kutosha, figo zake hazitegemei sana msaada huo. Lakini akiharisha mara tano na kutapika, maji ya damu hupungua, na mwili hubana mishipa ya sehemu nyingine ili damu iliyopo ifike kwenye moyo na ubongo. Hapo prostaglandini ndizo zinazozuia mishipa ya figo isibanwe kupita kiasi. Ukimpa ibuprofeni wakati huo, kinga hiyo inaondoka, damu inayofika kwenye figo inapungua kwa haraka, na mkojo unakauka. Wengi hupona dawa ikiachwa mapema na maji yakirudishwa, lakini wapo wanaofikia kuhitaji mashine ya kusafisha damu, na huduma hiyo kwa mtoto mdogo haipatikani kila wilaya. Malaria kali nayo hushambulia figo, kwa hiyo mtoto mwenye homa isiyopimwa, anayeharisha, tayari figo zake zina mizigo miwili kabla hujamwongezea wa tatu.

Ile dozi moja uliyompa jana usiku haitarajiwi kumletea madhara ikiwa anakojoa. Mwangalie leo. Nepi au chupi kavu kwa saa 6 hadi 8, mdomo mkavu, analia bila machozi, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, au amelegea na hataki kunywa: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali, na ukifika waambie kwamba jana alikunywa ibuprofeni na saa ngapi. Wahudumu wengi hawaulizi.

Kuhusu kipimo cha kijiko kimoja, jibu liko kwenye lebo ya chupa yako, na hapa ndipo makosa mengi zaidi hutokea.

Jina kubwa la rangi ni la kampuni. Jina la dawa yenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake, ibuprofen, na pembeni yake kuna nguvu ya dawa. Brufen ni jina la biashara tu. Ndilo lililotangulia, dawa hii ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, na ndiyo maana watu wengi bado huita ibuprofeni yoyote brufeni. Chupa za watoto kwa kawaida ni 100 mg/5 ml, yaani kila mililita 5 zina miligramu 100. Lakini zipo za 200 mg/5 ml. Na ndugu wakikuletea matone ya watoto wachanga kutoka Marekani, hayo ni miligramu 50 katika mililita 1.25 tu, sawa na miligramu 200 katika mililita 5. Kijiko kilekile, ladha ileile ya chungwa, lakini dawa ni mara mbili.

Kipimo cha ibuprofeni kwa mtoto ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kwa mara moja, mara tatu kwa siku. Jumla ya siku isizidi miligramu 30 kwa kilo. Kwa chupa ya 100 mg/5 ml hesabu ni rahisi: gawa kilo za mtoto kwa mbili, unapata mililita ambazo hutakiwi kuzidisha kwa mara moja. Kilo 11 ni mililita 5.5. Kwa hiyo mililita 5 ulizokusudia kumpa zingekuwa miligramu 100, kiasi cha miligramu 9 kwa kilo, na mara tatu kwa siku ni miligramu 300 wakati kikomo chake ni 330. Kipimo kilikuwa sawa ikiwa chupa ni ya 100. Ikiwa ni ya 200 mg/5 ml, ulimpa miligramu 18 kwa kilo, karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Kwa chupa hiyo ya pili kilo hugawanywa kwa nne, siyo kwa mbili.

Hesabu hiyo ni ya watoto wadogo. Mtoto akipita kilo 30 fuata kipimo cha umri kilichoandikwa kwenye boksi, na mtoto mnene kuliko wenzake asipewe zaidi ya kipimo cha umri wake hata kama kilo zinaruhusu. Uzito wenyewe uwe wa karibuni. Kadi ya kliniki ya miezi sita iliyopita inaweza kukudanganya pande zote mbili: mtoto amekua, au ameugua na amepungua. Kama huna mzani wa watoto, panda kwenye mzani wa watu wazima ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa.

Kijiko cha chai nacho siyo kipimo. Vijiko vya nyumbani hutofautiana sana: vingine hubeba chini ya mililita 3, vingine hupita 7. Anayepata kijiko kidogo hasikii nafuu, mama anadhani dawa ni dhaifu, anaongeza. Anayepata kikubwa anazidishiwa kila mara bila mtu kujua. Tumia kikombe kidogo au kijiko cha plastiki kilichokuja ndani ya boksi, chenye mistari. Kilicho bora kuliko vyote ni bomba la sindano la mililita 5, jipya, linalouzwa kwa bei ndogo duka lolote la dawa. Toa sindano na uitupe salama, toa na kile kifuniko kidogo cha plastiki kwa sababu kinaweza kumkaba mtoto. Tikisa chupa vizuri kwanza, kwa nguvu, kama sekunde 10. Dawa hii siyo sharubati iliyoyeyuka. Ni unga laini unaoelea kwenye maji mazito, na ikikaa inashuka chini. Usipotikisa, siku za mwanzo mtoto anakunywa utamu, na wa mwisho kumalizia chupa anakunywa dawa iliyokolea. Usiongeze maji kwenye chupa pia. Zinazochanganywa na maji nyumbani ni zile za unga, kama amoksilini. Hii imekuja tayari.

Mkalishe wima au umshike mapajani kichwa kikiwa juu, weka ncha ya bomba ndani ya shavu, sukuma kidogo kidogo akimeza. Ukimlaza chali na kumbana pua, dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Ibuprofeni itanguliwe na uji, maziwa au chakula chochote, kwa ajili ya ule ute wa tumbo. Akitapika kabla ya dakika 30 kupita, unaweza kurudia mara moja. Zikishapita dakika 30, subiri mpaka dozi inayofuata. Akitapika tena, usiendelee kuifukuza homa kwa ibuprofeni, maana sasa umerudi kwenye lile tatizo la maji.

Dukani hukuandikia "5 ml x 3". Maana yake ni mililita 5, mara tatu kwa siku, na nafasi kati ya dozi na dozi ya ibuprofeni isipungue saa 6. Saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku inakubalika. Asubuhi ukichelewa ukampa saa 4, ile ya mchana isogezwe hadi saa 10, usibane dozi mbili ili kutimiza tatu. Na kama homa haipo, hakuna sababu ya kumpa. Hii siyo kama dozi ya malaria au antibayotiki ambayo lazima imalizwe. Mtoto wa zaidi ya miezi 6 akihitaji ibuprofeni kupita siku 3, aonwe na daktari au tabibu.

Nije kwenye ushauri wa jirani. Kupishanisha dawa mbili kila baada ya saa tatu unasikika kama mpango mzuri, na kwa mtoto mwenye maji ya kutosha, ambaye parasetamoli peke yake imeshindwa kumpa nafuu, wakati mwingine hufanyika. Lakini usianze nao, na usizitoe zote mbili kwa wakati mmoja. Ukishakuwa na chupa mbili, vipimo viwili, nafasi mbili tofauti za saa, na walezi wawili au watatu, bibi, dada wa kazi, baba anayerudi usiku, mtoto huzidishiwa kwa urahisi mno. Ikilazimu, andika kwenye karatasi mlangoni: saa, jina la dawa, mililita, nani ametoa. Anayetaka kumpa mtoto dawa asome karatasi kwanza.

Kuna mtego mwingine ambao nauona ni mbaya kuliko huo. Zinauzwa chupa zenye ibuprofeni na parasetamoli ndani yake zote mbili, na dawa nyingi za mafua ya watoto zina parasetamoli ndani. Mama humpa mtoto Panadol, halafu dawa ya mafua, halafu ile mseto, akiamini ni dawa tatu za matatizo matatu, kumbe parasetamoli imeingia mara tatu. Parasetamoli iliyozidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Kabla ya kufungua chupa ya pili, soma vilivyomo kwenye zote. Kama herufi ni ndogo, mwombe mtoa dawa akusomee. Hiyo ni kazi yake, usione aibu.

Ibuprofeni pia isichanganywe na ndugu zake. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni hufanya kazi kwa njia moja, kwa hiyo ukimpa mbili unazidisha madhara kwa tumbo na figo bila kuongeza nafuu ya maana. Mtoto aliyechomwa sindano ya diklofenaki asubuhi zahanati asipewe ibuprofeni jioni. Anayetumia prednisoloni kwa pumu au kwa ugonjwa wa figo aulizwe kwanza daktari wake. Na aspirini yenyewe isitumike kwa homa ya mtoto yeyote aliye chini ya miaka 16. Inahusishwa na ugonjwa nadra lakini wa kuua, ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kuharibu ini baada ya maambukizi ya virusi kama mafua au tetekuwanga. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa kimoja kimoja mtaani, baadhi vina aspirini, na kuvikatakata kumpa mtoto ni hatari. Kukata kidonge cha ibuprofeni cha mtu mzima cha miligramu 400 vipande vinne nako hakufai: vipande havilingani, na dawa iliyotoka kwenye ganda lake inachoma koo.

Sasa degedege, kwa sababu najua hofu hiyo ndiyo iliyokuamsha usiku. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na tafiti zimerudiwa kuangalia kama dawa za kushusha homa hulizuia. Hazilizuii, wala parasetamoli wala ibuprofeni, wala zote mbili kwa kupishana. Kwa hiyo usimzidishie dawa kwa kusudi hilo. Kumkanda kwa maji baridi pia hakusaidii. Mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunapandisha joto la ndani. Mvue nguo nzito, mfunike shuka jepesi, mpe vinywaji. Lengo la dawa ni apate nafuu, anywe, alale. Akicheza na 38.5, hakuna ulazima wa kuishusha.

Degedege likitokea, mlaze ubavu sakafuni au kitandani, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni, tazama saa. Kisha mpeleke hospitali hata likikoma lenyewe, kwa sababu kwetu linaweza kuwa dalili ya malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Likipita dakika 5, usisubiri likome, ondoka naye. Yapo maneno ya zamani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Maneno hayo huwachelewesha watoto nyumbani kwenye mafusho huku dawa ya malaria kali, artesuneti, inatolewa kwa sindano. Akichomwa mapema ndivyo anavyookolewa.

Mbali na kuharisha, kuna hali nyingine ambazo ibuprofeni inapaswa kukaa mbali na mtoto. Dengue ndiyo ya kuangaliwa zaidi kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au popote kwenye ukanda wa pwani. Dar ilipata milipuko mwaka 2014 na 2019. Virusi vya dengue hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na ibuprofeni huzipunguzia uwezo wa kushikana zilizobaki. Mtoto anaweza kutokwa damu puani, kwenye fizi, au tumboni pasipoonekana. Homa kali ya ghafla, malaria haionekani kwenye kipimo, maumivu nyuma ya macho au ya viungo, upele: mpe parasetamoli tu, na apimwe. Kwa kweli kipindi cha mlipuko ningeshauri kila homa isiyojulikana ipewe parasetamoli mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Tetekuwanga pia. Ibuprofeni wakati wa tetekuwanga imehusishwa na maambukizi makali ya bakteria yanayoingia kwenye vidonda na kula nyama ya chini ya ngozi. Tumia parasetamoli.

Mwenye pumu: kama amewahi kunywa ibuprofeni bila shida, hana haja ya kuiogopa. Kama aliwahi kubanwa kifua, kuvimba uso au kutokwa na vipele vya kuwasha baada ya ibuprofeni au aspirini, asiguse tena, na liandikwe kwenye kadi yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ini au moyo, au tatizo la damu kutoganda, asipewe bila daktari.

Mtoto mwenye sikoseli ana habari yake. Ibuprofeni ni miongoni mwa dawa zinazotumika kwa maumivu yake ya mifupa, na kliniki yake inaweza kuwa imekupa. Fuata kipimo chao, na kila dozi iendane na maji mengi, kwa kuwa figo zake zimeshaathiriwa na ugonjwa na hupoteza maji kwa urahisi. Lakini akiwa na homa, usimtulize nyumbani. Homa kwa mtoto wa sikoseli ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Watoto wachanga: chini ya miezi 3, au chini ya kilo 5, ibuprofeni haitolewi nyumbani kabisa. Na mtoto wa umri huo akifika nyuzi 38, mpeleke hospitali moja kwa moja. Dawa ya kushusha homa inaweza kuficha dalili pekee ya maambukizi ya damu. Kati ya miezi 3 na 6 itolewe kwa maelekezo ya mtaalamu tu, na ikipita siku moja bila nafuu arudi. Wala usimpe dawa yoyote ya homa kabla ya chanjo ili "kumwandaa". Ngoja uone kama homa itakuja.

Unaponunua, chagua chupa ambayo kifuniko hakijavunjwa, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwenye duka lililosajiliwa. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa baada ya kunywa dawa za maji zilizochafuliwa na kemikali za viwandani. Mtoto yeyote anayeacha kukojoa baada ya kunywa dawa ya maji, ya aina yoyote, apelekwe hospitali na chupa yake.

Chupa ikae juu, pasipofikiwa, maana imetiwa ladha tamu. Mtoto wa kilo 11 akinywa chupa nzima ya mililita 100 yenye nguvu ya 100 mg/5 ml, ameingiza miligramu 2,000, karibu miligramu 180 kwa kilo. Kuanzia miligramu 100 kwa kilo anatakiwa hospitali hata kama anacheka, na kama hujui alikunywa kiasi gani, chukulia ni zaidi. Chupa nzima ya parasetamoli ni mbaya vilevile, ila hiyo ina dawa ya kuzuia sumu yake, asetilisisteini, inayofanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 8 za kwanza. Ibuprofeni haina, anatibiwa kwa kuangaliwa na kusaidiwa. Usimtapishe, usimpe mafuta wala chumvi, usisubiri asubuhi.

Kwa mwanao, hata bila zile dalili za kukaukiwa maji, usingoje matokeo ya dawa, mpeleke hospitali ikiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, shingo imekakamaa, anapumua haraka au mbavu zinabonyea, ana damu kwenye choo, au homa imefika siku ya tatu. Kuharisha kukikoma, akakojoa kama kawaida siku nzima, chupa yako inaweza kutumika tena akipata maumivu mengine, kwa mililita zile ulizohesabu kwenye lebo. Ukiifungua andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyingi zinatakiwa kutupwa miezi 6 baada ya kufunguliwa, na kwenye joto la pwani isikae dirishani wala juu ya friji, bali mahali penye kivuli pasipozidi nyuzi 30.